Tiba shufaa ya kufuatwa nyumbani hapa Mtwara: walianza na choo, wakaja kwenye swali la kujiua

Wadau, naandika hii kwa wenye wagonjwa majumbani hapa Mtwara na majirani zetu wa Lindi, mana naona watu wengi wakisikia "tiba shufaa" (huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso) wanajua ndo mgonjwa kashakatiwa tamaa, anasubiriwa tu, alafu wanaikataa huduma kabla hata hawajaiona. Mi nimeiona kwa mjomba wangu kule Naliendele, naieleza ilivyo, na nyota nawapa nne kati ya tano. Jina la hospitali silitaji, nina ya kusifia na nina ya kulalamikia na sitaki kumharibia mtu kazi. Humu nitaongelea choo sana kwaiyo mwenye sahani mbele yake aahirishe. Pia nitaongelea kujiua, na kama wewe mwenyewe saivi uko kwenye hayo mawazo usianze na maelezo yangu, anza na mtu aliye karibu yako umwambie wazi, au nenda kituo cha afya chochote kilicho jirani, au piga 199 ya Wizara ya Afya ambayo ni bure. Haya mengine utasoma siku nyingine, hayakimbii.

Basi. Mjomba ana saratani ya tezi dume, iligundulika ikiwa ishaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Mnaojua mila za huku kusini mnajua mjomba ni nani, ndo mwenye ukoo, ndo anayeozesha, kikao hakianzi hajafika. Sasa mtu wa heshima hiyo ukamkute usiku anatambaa kwenda msalani huku kang'ata ncha ya kanga watoto wasimsikie, inauma. Alitibiwa Dar, akapewa morfini ya maji, ile ya kunywa, na kuhusu maumivu kiukweli morfini ilifanya kazi yake, mtu aliyekuwa halali akalala, akaanza hata kuulizia mnada wa korosho umefika bei gani. Hapa mtaani kuna msemo wa ovyo kwamba ukishaanza morfini ushaaga. Siyo kweli, ikitolewa kwa kipimo sahihi haimharakishi mtu kufa, inampa nafasi ya kukaa na watu wake bila kupiga kelele.

Ila aliyempa ile chupa hakumpa dawa ya choo wala hakumwambia neno moja kuhusu choo. Na safari ya kurudi, kutoka Mbagala mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, mzee ana nyonga mbovu na anaona haya kumwomba dereva asimamishe basi, akaamua zake kwamba njia nzima hanywi maji. Somanga abiria wote wameshuka wanakula samaki wa kukaanga yeye kakaa kwenye siti mdomo mkavu, na saa ya dawa ikifika anakunywa morfini. Baadae sista wa tiba shufaa alivyosikia tunasimulia hilo alifumba macho kama kapigwa mchanga.

Huyu sista ndo sababu ya hizi nyota nne zote kwa hiyo nianze na alivyotueleza, mana alitueleza kwa Kiswahili cha kueleweka, amekaa chini kwenye mkeka, siyo wale wa kuongea wamesimama mlangoni. Alisema hivi: morfini, kodini, tramadol, pethidini, hizo zote ni ukoo mmoja, ukoo wa afyuni. Zinapunguza maumivu kwa kukaa kwenye vipokezi (yaani sehemu ambazo dawa inashika) vilivyopo kwenye ubongo na uti wa mgongo, habari ya maumivu haipiti kama ilivyokuwa inapita. Sasa vipokezi vya aina hiyohiyo vimejaa kwenye neva za ukuta wa utumbo. Dawa haichagui, inakaa na huko. Ule mwendo wa utumbo wa kusukuma chakula unalegea, majimaji ambayo utumbo wenyewe unayatoa yanapungua, chakula kinakaa ndani muda mrefu na utumbo mpana huo unaendelea tu kufyonza maji, alafu na msuli wa mlangoni unabana. Unachopata mwisho ni kokoto. Na huku juu tumbo linachelewa kumwaga chakula kwenda chini, ndo mana mjomba alikuwa anakula vijiko viwili vya uji anasema kashiba, anacheua, kichefuchefu, na sisi tunasema ugonjwa umezidi.

Kitu kilichonishangaza ni hiki. Kichefuchefu na ule usingizi wa mwanzoni, mwili unazoea baada ya siku kadhaa vinapungua. Choo hakizoei. Hata unywe morfini mwaka mzima utumbo haujifunzi. Kwaiyo dawa ya choo siyo ya kusubiri mpaka mtu afunge, inaanza siku ileile morfini inapoanza na zinaenda pamoja. Na siyo ya kulainisha peke yake, inatakiwa na ya kusukuma, hapo ndo akaandika bisakodili (sena nayo ni ya kundi hilo) na laktulosi ya kuvuta maji. Jamani hili ni jambo la dakika mbili kumwambia mgonjwa. Dakika mbili! Mtu kasafirishwa mkoa hadi mkoa kwa gharama zote zile hakuna aliyezipata hizo dakika.

Nikiwa kwenye lawama nimalizie na ya duka la dawa. Mjomba alikaa bila choo mpaka tumbo likawa gumu, alafu ghafla ikaanza kutoka maji maji kidogo kidogo inachafua shuka, mkaza mjomba akasema afadhali kumefunguka, saivi anaharisha. Akamtuma kijana dukani, muuzaji bila kuuliza hata ni mgonjwa wa nini akampa vidonge vya loperamide vya kuzuia kuharisha. Sista alivyoviona pale dirishani alivichukua akaviweka kwenye mkoba wake hakusema kitu kwanza. Kumbe ile haikuwa kuharisha. Choo kigumu kimeziba huku chini kama gogo, maji ya juu yanapenya pembeni ndo hayo yanayotoka. Na loperamide, sikilizeni hapa, yenyewe ni ya ukoo uleule wa afyuni, tofauti yake ni kwamba kwa kipimo cha kawaida haiingii kwenye ubongo, inafanya kazi kwenye utumbo tu, yaani inazidisha kilekile kilichomfunga. Kwaiyo mgonjwa wa morfini akianza "kuharisha" baada ya kukosa choo muda mrefu, msikimbilie dukani. Na akianza kutapika, tumbo limevimba, hata gesi haitoki, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, siyo kesho, na dawa za kusukuma msimpe mpaka apimwe.

Siku ile walivyokuja kumsafisha nilikuwepo mpaka mlangoni tu. Sista aliwatoa wanawake wote, na mimi mpwa akanitoa, akabaki na kijana mmoja nesi wa kiume. Akaacha mlango wazi kidogo kwaiyo namsikia. Kavaa glavu, kapaka mafuta, mjomba kalala ubavu kageukia ukuta, na sista muda wote anapiga stori za salfa ya kupulizia mikorosho, mwaka huu mikorosho mmepulizia mara ngapi mzee wangu, na ule ugonjwa wa ubwiriunga huku kwenu vipi, na mjomba anajibu kwa hasira hasira kuhusu chama cha ushirika, anatukana makarani, alafu katikati ya sentensi ananyamaza, anaguna, alafu anaendelea kutukana. Walimaliza, wakamwogesha wenyewe, shuka wakalikunja wakalitoa kwa mlango wa nyuma bila kulipitisha mbele ya watu. Hilo la mlango wa nyuma halipo kwenye dawa yoyote ila nawapa nyota yake peke yake.

Mambo ya kienyeji hawakuyadharau, nalo nililipenda. Bibi mmoja alikuwa anamtwangia mbegu za papai zilizokaushwa anamchanganyia na maji, tukajua tutagombezwa, sista akasema sawa, na kijiko cha mafuta ya kula asubuhi kabla ya uji nacho sawa, hayo yamo hata kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya kuhudumia wagonjwa nyumbani. Alichokataa ni ule ushauri wa kila mgeni anayekuja kuona mgonjwa, mpeni dona, mpeni pumba, mpeni makapi. Kwa mtu ambaye utumbo wake umelegezwa na dawa na maji hanywi, makapi yanaongeza mzigo tu. Maji kwanza. Akasema pia kujaribu choo kuwe asubuhi baada ya uji kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huwa unaamka, na asichuchumae kwenye shimo na zile nyonga, tukamtafuta fundi seremala wa Chikongola akatoboa kiti cha mbao katikati tukaweka ndoo chini na kibao cha kuegeshea miguu. Pazia likawekwa. Mzee akakubali kiti ila akasema asiite mtu yeyote kiti cha choo, kiitwe kiti chake.

Sasa nije kwenye lile la pili. Ziara iliyofuata sista alifika akasalimia kama kawaida, shikamoo mzee wangu, marahaba, akaomba aone chupa ya morfini. Akainyanyua kwenye mwanga. Akaangalia tarehe aliyoandika yeye mwenyewe kwa kalamu kwenye plasta, akaangalia tena chupa. Ilikuwa imejaa kuliko inavyotakiwa, na nyuma yake kulikuwa na ile ya zamani ya Dar nayo haijaisha. Sisi tunaoishi na chupa hiyo chumba kimoja hakuna aliyeliona hilo. Hakuuliza mbele ya watu, akasema naomba niongee na mzee, mimi nikabaki kwa sababu mjomba mwenyewe alisema mpwa wangu akae.

Akaanza na choo tena. Mjomba akakiri kwamba aliacha morfini, anajifanya anakunywa, kwa sababu kati ya maumivu ya nyonga na yale ya kukosa choo aliona heri ya nyonga, angalau hayana aibu. Nilivyoelewa baadae hili liko sana, wagonjwa wanapunguza au wanaacha dawa ya maumivu kimyakimya kwa sababu ya choo, maumivu yanarudi, usingizi unakwenda, mtu anakaa macho usiku kucha anahesabu mabati. Alafu sista akasema, bila kubadilisha sauti, sauti ileile aliyoulizia choo: "Mzee wangu, watu wenye maumivu kama haya yako wakati mwingine wanafika mahali wanatamani kufa, na wengine wanafikiria kujitoa uhai wenyewe. Wewe imekufikia hiyo?"

Mi nilitaka kuinuka. Kwetu neno hilo halisemwi mbele ya mtu mzima, unaonekana unamwombea. Mjomba alikaa kimya, akavuta shuka, akasema "Imenifikia." Basi. Akaulizwa kwa upole kama amefikiria atafanyaje na kama kitu chenyewe anacho karibu, akaangalia dirishani zilipo chupa. Sista akasema ahsante kwa kuniambia mzee wangu, na aliposema hivyo mjomba alilia, mtu ambaye kwenye msiba wa mama yake mzazi alisimama kavu akagawa majukumu.

Wengi mnaogopa kwamba ukimuuliza mtu swali hilo unampandikizia wazo. Nilimuuliza sista nje wakati anapanda pikipiki, akasema hapana, hilo limechunguzwa na Shirika la Afya Duniani linalisema wazi, kuuliza moja kwa moja hakumtii mtu wazo, mara nyingi kunamshusha presha kwa sababu ameacha kulibeba peke yake. Akasema kuna tofauti ya mzee anayesema Mungu anichukue nimechoka na mzee ambaye ameshafikiria namna na kitu anacho, wa pili huyo haachwi peke yake siku hiyo. Na kwamba wenye saratani, hasa miezi ya mwanzo baada ya kuambiwa, wako kwenye hatari kubwa kuliko watu wengine, ukiongeza maumivu yasiyotulizwa, sonona, pombe, na ile hali ya mtu kujiona mzigo kwa familia. Wanaume zaidi, mana hatusemi. Duniani watu zaidi ya 720,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka, na kila mmoja wao alikuwa na chumba chake na dirisha lake na watu waliokuwa wanamletea uji.

Walichofanya pale siyo mahubiri. Hawakumwambia ni dhambi, hawakumwambia fikiria watoto. Ile chupa ya zamani wakaondoka nayo (dawa za namna hii zikibaki zinarudishwa hospitali, hazitunzwi kabatini eti zitamfaa mtu mwingine), ya sasa ikawekwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, ufunguo kwa mkaza mjomba, yeye ndo anapima na kumpa kila saa yake ikifika. Wakapunguza wanachoacha nyumbani, wakawa wanaleta kidogo kidogo kila wiki badala ya chupa ya mwezi. Wakauliza na dawa za mikorosho zinakaa wapi, zikahamishiwa kwa jirani zikafungiwe huko. Sista anasema ile hamu ya kujidhuru mara nyingi inapanda na inashuka, haikai juu siku nzima, kinachookoa ni kwamba ikipanda kitu kisiwe mkononi na mtu awepo. Tukapangiana zamu za usiku, na mjomba mwenyewe akachagua ni nani atamwambia ikirudi. Akamchagua shemeji yake mvuvi wa Shangani ambaye kusema ukweli wamegombana miaka, ila ndo aliyemtaka na hakuna aliyebisha.

Daktari naye akaja akamwona, akasema ana sonona, akaanza kumwandikia amitriptilini kwa sababu inasaidia pia maumivu ya neva, sista akakohoa. Kweli mnanisikia, akakohoa tu. Amitriptilini nayo inafunga choo. Daktari akacheka, akabadilisha. Hivi ndo nataka timu ifanye kazi, nesi anakohoa na daktari anaelewa.

Kuna kitu kingine sista alisema nakiweka hapa kwa sababu kwenye vijiwe nasikia vijana wanaongea kana kwamba dawa za jamii hii ni kulala tu na kutoamka. Anayesema hivyo hajakaa wodini. Zikizidi mwilini pumzi inapungua, ubongo unakosa oksijeni, mtu anatapika matapishi yanaingia mapafuni, na wako wanaobaki hai wakiwa hawajui majina ya watoto wao. Na kwa sababu utumbo umelegea, dawa iliyomezwa inaweza kuendelea kuingia mwilini taratibu kwa saa nyingi, kwaiyo mtu anaonekana yuko sawa, anaongea, ndugu wanasema ashukuriwe Mungu kalale, na anazama baadae. Hata ile sindano ya naloxone inayorudisha pumzi inaweza kuisha nguvu kabla dawa yenyewe haijaisha, ndo mana wanamshikilia wodini hata akisema mzima. Kwaiyo ukijua mtu kameza dawa kupita kiasi, awe amekusudia au amekosea, ni hospitali papo hapo hata kama anacheka. Usimtapishe, usimpe maziwa, beba na chupa au pakiti waione. Na usikae kujadili polisi. Najua sheria yetu kwenye Kanuni ya Adhabu bado inasema kujaribu kujiua ni kosa, na najua watu wanaficha wagonjwa ndani kwa kuogopa hilo. Mtu akiwa hai mtajibu maswali yote mnayotaka. Mi nadhani hiyo sheria ina kazi moja tu kwa sasa, kuchelewesha bajaji.

Na pombe. Huku kwetu msimu wa korosho mabibo yakianza uraka, ile pombe ya mabibo, haukosekani, na kuna wazee wanaona morfini na glasi mbili za uraka zinaendana vizuri. Haziendani. Zote mbili zinashusha pumzi, hata vidonge vya usingizi vivyo hivyo. Mjomba uraka kaambiwa hapana, na hilo ndo lililomkasirisha kuliko yote, kuliko hata glavu.

Sasa nyota ya tano kwa nini siwapi. Moja, usiku hamna simu. Namba waliyotupa inapokelewa saa za kazi, wikiendi inaita tu, na shida hizi zote mbili, ya choo na ya mawazo, zinapenda saa nane usiku. Hata simu moja ya zamu wangeipokezana. Mbili, morfini imewahi kuisha, tukaambiwa njoo Jumatatu, na dawa hii siyo ya kumwambia mtu njoo Jumatatu, ilibidi waazime kituo kingine baada ya mimi kugoma kutoka kwenye benchi. Tatu karatasi ya maelezo ya dawa imeandikwa kwa Kiingereza na vifupisho, mkaza mjomba kasoma mpaka darasa la saba na anasoma vizuri kabisa, mngemwandikia Kiswahili asingehitaji kunipigia simu kila jioni. Sista alivyoambiwa alichukua kalamu akachora jua, jua, mwezi. Inafanya kazi ila siyo jambo la kutegemea kipaji cha mtu mmoja, kesho akihamishwa?

Gharama kwa upande wetu, morfini hatukulipishwa, bisakodili na laktulosi tulinunua famasi, laktulosi ndo iliyouma kidogo mfukoni. Glavu tulinunua. Mafuta ya pikipiki hawakuomba, tulitoa mara chache kwa hiari na mara nyingine walikataa wakachukua mihogo.

Mjomba saivi morfini anakunywa kwa saa zake, choo anapata siku nyingi, siyo zote. Ile hali ilimrudia tena kipindi cha mvua, akamwambia shemeji yake, shemeji akaja kulala kwake, asubuhi wakamwita sista. Saratani ipo palepale, hakuna aliyeahidi vingine.

Mkitaka huduma hii msisubiri mwambiwe, mana mara nyingi hamtaambiwa. Ulizeni kitengo cha wagonjwa wa nje, semeni "tiba shufaa", au ulizeni nesi anayetoa morfini ya maji, nendeni na karatasi zote za Dar au kokote alikotibiwa na chupa za dawa alizonazo hata zilizoisha. Na mkifika mwambieni wenyewe mara ya mwisho mgonjwa kupata choo ni lini, mkalijibu kabla hawajauliza, mtaona wanavyowachukulia tofauti. Kama mkifika asubuhi, Jumatatu iepukeni, foleni yake inafika mpaka kwenye mwembe.